Radio Isiyosema

Ncha ya pua hadi ndewe ya sikio,
ndewe hadi chembe cha moyo:
hivyo ndivyo Katungu alivyoupima mrija,
akatia alama ya plasta, akaulainisha,
akausukuma polepole
ndani ya kijana asiyeweza kumeza akiambiwa meza.

Akapuliza hewa kwa bomba la sindano,
akatega sikio juu ya tumbo. Buku-buku.
Akaandika: umefika.
Akatazama neno lake muda mrefu,
akalikata kwa kalamu.
"Waleteni radio kwanza."

Hapa Goma mgonjwa hupigwa radio.
Mama yake Bauma, aliyekaa koridoni tangu juzi
na termosi ya sosoma aliyoichuja mara tatu kwa kitambaa,
aliniuliza nilipompita na mashine:
"Hiyo radio itasema nini?"
Haisemi, mama. Inaonyesha tu.

Saa nane za usiku. Jenereta ya uani ikakohoa, ikashika.
Gurudumu moja la mashine yangu lina kilema,
kila hatua ya tatu linataka kwenda ukutani.
Tukamwinua Bauma, mtu wa chukudu,
aliyekatikiwa na breki akishusha kabichi za Kibumba.
Nikapenyeza sahani baridi nyuma ya mgongo wake
na nikajisikia nikisema, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa:
"Vuta pumzi. Shikilia."

Nikaona haya mbele ya Katungu.
Nikangoja kifua kijae chenyewe,
nikabonyeza kilipofika juu.

Picha.
Mbavu zote, na ile ya saba iliyovunjika, hiyo tunaijua.
Na uzi mweupe wa mrija
ukishuka katikati vizuri, vizuri,
mpaka njia panda ya hewa,
pale koo linapogawana mapafu mawili.
Hapo ukakata kona.
Kulia kwake, ambako ni kushoto kwangu.
Ulikuwa umelala ndani ya pafu, umetulia,
kama mgeni aliyeingia nyumba ya jirani
akavua viatu.

Mezani sosoma ilikuwa tayari,
mililita hamsini, vuguvugu.
Katungu aliitazama hiyo, si picha.
Sikio lake halikumdanganya, mlio ulikuwepo kweli,
lakini mlio hauna anwani.

Akauvuta mrija nje. Akanawa mikono, akanawa tena.
Pua, ndewe, chembe cha moyo.
Safari hii alimwinamisha kidevu, akamnong'oneza jambo
ambalo sikuliuliza.

Picha ya pili.
Uzi ukaipita njia panda bila kugeuza shingo,
ukavuka kiwambo, ukainama kushoto kwake,
kama mtoto wa Birere ashukaye ziwani alfajiri
na bidoni ya njano, miguu ikijua njia
macho yakiwa bado yamelala.
Dokta wa zamu akatia sahihi: sasa mlisheni.

Mama akaomba kuona. Hairuhusiwi. Nikamwonyesha.
Kidole chake kilitembea juu ya kioo bila kukigusa,
ubavu kwa ubavu, kama anayehesabu deni.
"Na njaa yake iko wapi hapa?"

Nilitafuta jibu katika kazi yangu yote.
Nikamwonyesha doa jeusi chini ya moyo:
hapa. Ni hewa tu, mama. Pako wazi.
Akafungua termosi yake, akanusa, akaifunga,
akaniambia sosoma iliyopoa haifai,
atakwenda kupasha nyingine.

Asubuhi nilikula maharagwe ya jana nimesimama,
mlango wa chumba cha giza ukiwa wazi,
na nililisikia tonge, mimi niliyemeza maisha yangu yote,
likifika njia panda
na kuchagua.